Namba 47 na Uzi wa Bibi Olavee: Maisha ya Ezell Broadnax

Mchungaji Gaddis, mashemasi, kina mama wa kanisa mliovaa nyeupe, majirani wa Tallow Bend, na nyinyi wageni wa klabu mliotoka Toledo na makoti mazito kuliko baridi yetu: tuliyemzunguka hapa ni Ezell Broadnax, mume wa Olavee, baba wa watoto watatu, dereva wa basi la shule, na kwa miaka minane mtu mgumu kuliko wote kushikwa katika mpira wa nchi hii, ule wa kubebwa kifuani na kuangushana. Bibi ndiye aliyesema wasifu huu niuandike mimi mjukuu, akanipa sharti moja. "Usimfanye malaika," akasema. "Wanaomjua watacheka, na kicheko cha namna hiyo sikitaki kanisani." Basi tutamsema kama alivyokuwa.

Babu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1944, hapa hapa Tallow Bend, Mississippi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shamba la pamba la watu wengine. Alikuwa kitinda mimba wa Cleophus na Idella Broadnax, wa nne baada ya dada watatu waliomlea kama mdoli na kumtuma kama punda. Mama Idella aliwashonea wanawe nguo za magunia ya unga, na alijivunia jambo moja: nguo yake ingechakaa, ingepauka, lakini mshono wake haungeachia. Siku moja bata bukini wa Shemasi Tolliver, ndege mwenye roho mbaya kuliko mbwa yeyote wa mtaa, alimdaka Babu pindo la shati. Shati la mtoto mwingine lingechanika, mambo yakaisha. La Mama Idella halikuachia. Babu akakimbia na bata ananing'inia nyuma, akampita Shemasi mwenyewe, akampita nyumbu wake, akaingia naye darasani. Mwalimu akamtazama yule ndege, akauliza, "Ezell, na huyu naye amekuja kuandikishwa?"

Wazee waliokuwepo walisema siku ile ndipo Tallow Bend ilipojua mtoto yule ana miguu. Babu alikuwa akisema siku ile ndipo yeye alipojua shati zuri linaweza kukuua.

Alianza shule mwaka 1950, shule ya watoto weusi ya chumba kimoja na jiko moja la kuni, akaendelea na sekondari ya Booker Hill kuanzia 1959. Booker Hill walikuwa na timu ila hawakuwa na vifaa. Kila shule ya Wazungu ya ng'ambo ya reli ilipopata jezi mpya, zile kuukuu zililetwa kwenye boksi na kumwagwa sakafuni, kila mtu ajiokotee. Babu alitia mkono, akatoa 47. Namba imefifia, kwapani pametoboka. Miaka mingi baadaye watu wazima waliandikiana kurasa na kurasa mtandaoni kuhusu maana ya 47 kwa Ezell Broadnax: mara ni mstari wa Biblia, mara ni umri wa baba yake. Siri yenyewe ni kwamba ndiyo iliyokuwa juu.

Mwaka 1963 alipata nafasi Chuo cha Alder Springs, akasomea ualimu na kukimbia na mpira. Mwaka wa pili alipasua suruali mazoezini, akapelekwa chumba cha kwaya, ambako msichana mmoja wa Yazoo, Olavee Sykes, alikuwa anashona majoho. Mazungumzo yao ya kwanza sote tunayajua kwa moyo, kwa sababu waliyaigiza kila Krismasi.

"Unashona?"

"Nashona vya waimbaji."

"Mimi naimba."

"Imba nikusikie."

Akaimba. Bibi akamsikiliza mpaka ubeti ukaisha, kisha akamwambia, "Suruali iache hapa. Sauti ondoka nayo."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Juni 1968, katika kanisa hili hili, Kanisa la Wabaptisti la Mlima Nebo. Gauni Bibi alijishonea. Mshono wake ulikuwa wa kwao Yazoo, wa wanawake wa mablanketi ya viraka, ule wa kurudi nyuma kila hatua, kwamba hata ukikata uzi mahali pamoja pengine panashika. Gauni lile lilivaliwa na Shangazi Corliss mwaka 1994, na hakuna kifungo kilichohitaji kuguswa.

Wakati wa harusi, Babu alikuwa ameshamaliza msimu mmoja na Millers wa Toledo, waliomchukua mwaka 1967. Wale ambao hamkuwahi kumwona uwanjani, tafuteni simuni mtamwona, maana bado anakimbia humo. Alikuwa mfupi, mapaja kama magogo, na hakuwa na mbio za kutisha. Alikuwa na kitu kingine. Ukimfikia, ukinyoosha mkono, ukakamata jezi, ulibaki na jezi. Yeye alishaondoka.

Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Mkimbiaji alivaa jezi ya kitambaa chepesi kilichochanika mkononi mwa adui kama karatasi. Wakubwa wa ligi walikuja kuzipiga marufuku baadaye, lakini miaka ile zilikuwa halali, na Babu alimaliza mechi nyingi akiwa amevaa kola na mikono tu. Tatizo ni kwamba mwenye Millers alikuwa bahili wa kuandikwa kitabuni. Hakununua jezi mpya kila wiki. Mtunza vifaa, Mzee Stash Gorny, alikusanya vipande uwanjani, akavifua, akawagawia wake za wachezaji wakavishone. Na ndiye aliyemfundisha Bibi kushona vibaya.

Lilikuwa somo gumu. Jezi ya kwanza aliyopeleka, Mzee Gorny aliivuta, ikashika, akaivuta tena kwa mikono miwili.

"Mama, hii kazi nzuri sana," akamwambia. "Ifumue."

"Nifumue nini? Hakuna mshono bora kuliko huo Toledo nzima."

"Ndiyo shida yake. Mume wako akishikwa na hii, anashikwa kweli. Wewe piga bandi tu. Uzi mmoja mwembamba, hatua ndefu, usifunge fundo. Shona kama unamshonea mtu unayemchukia."

Bibi alirudi nyumbani amenuna. Lakini alijifunza. Kila Jumatano, misimu saba, alipiga bandi zile ndefu, mshono ambao fundi yeyote hupiga kushikiza kitambaa kwa muda tu, na kila Jumapili alikaa jukwaani kutazama kazi ya mikono yake ikiraruliwa mbele ya watu elfu sitini. Vipande visivyoshoneka tena alivitunza. Vikaja kuwa blanketi, la bluu na rangi ya ngano, ndilo hili lililomfunika Babu miguuni leo. Mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale alituandikia kuuliza kama familia bado ina jezi ya asili ya Broadnax. Tukamjibu ipo, ila imekatwa vipande mia mbili, na Baba Mdogo Lamont aliikojolea mpaka alipofika darasa la kwanza.

Baba Mdogo, samahani. Sharti lilikuwa tusiwafanye watu malaika.

Sasa tufike Jumapili ya tarehe 10 Desemba 1972, kwa sababu kila mtu humu anaijua, na wengi mnaijua kama kichekesho.

Millers walikuwa wanacheza na Omaha, mechi inaonyeshwa nchi nzima. Hapa Tallow Bend televisheni ya rangi ilikuwa moja, kwa Mama Idella, Babu ndiye aliyemnunulia. Ile wiki Mama Idella alimpigia Bibi simu Toledo. Haikuwa simu ya salamu.

"Olavee, mwanangu kila nikimwona tumbo liko nje."

"Mama, ndivyo zilivyo. Ni mchezo wenyewe."

"Mchezo wa huko kwenu. Jumapili hii kanisa zima linakuja kukaa sebuleni kwangu. Mchungaji nimemwekea kiti cha mbele. Dada Hattie ameshaniuliza kama mkwe wangu hajui sindano. Mimi nimemjibu nini? Nimenyamaza. Mvalishe mtoto wa watu nguo, Olavee. Siku moja tu."

Bibi alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, yuko ugenini, na mama mkwe amemgusa palipouma. Akachukua jezi ya Babu, akaweka pembeni uzi wa Mzee Gorny, akatoa uzi wa blanketi kutoka kwenye kikapu chake cha Yazoo. Akaushona ule mshono wa kurudi nyuma, mabegani, ubavuni, mgongoni. Akapiga pasi. Babu alipoivaa, alisema inambana kidogo. Bibi akamwambia itatanuka.

Robo ya tatu Babu alipenya katikati, mbele yake majani matupu. Kule sebuleni kwa Mama Idella walishasimama wote, Mchungaji ameinua mikono. Beki mmoja wa Omaha, ameshaanguka magoti, akatupa mkono wa bahati nasibu na kumpata kwa vidole viwili nyuma ya shingo. Mara mia moja vidole vile vingebaki na kitambaa. Jezi haikuachia. Babu alizungushwa kama ndoo ya kisimani, miguu ikaondoka chini, kichwa kikatangulia kwenye ardhi iliyoganda.

Alilala kidogo. Kisha akainuka, akajikung'uta, akatembea vizuri tu mpaka benchi la Omaha, akaketi katikati yao. Mmoja wao akampa maji. Babu akanywa, akashukuru, akauliza, "Leo tunacheza na nani?"

Yule jamaa akamtazama. "Na wewe, kaka."

Wiki iliyofuata alicheza. Siku hizo kichwa kilikuwa kama tairi, kikitoa mlio unaongeza upepo unaendelea na safari. Alicheza misimu miwili zaidi, akastaafu mwishoni mwa 1974, na mwaka 1989 Millers waliamua kwamba hakuna mchezaji mwingine atakayevaa 47.

Ile hadithi ya benchi ikawa yake. Aliisimulia harusini, msibani, kwenye foleni ya dukani. Kila mlo wa Jumapili, mtu akitaja sindano tu, Babu aliwaonya wageni: "Mwondoeni huyu mama uzi. Alishanikamatisha mbele ya taifa zima." Na Bibi alimjibu, "Ningejua ningekushona na mdomo." Tulicheka. Nyumba yetu ilikuwa ya namna hiyo, anayekupenda ndiye anayekusema. Hakuna aliyeona kwamba Bibi, baada ya siku ile, hakushona tena mshono wa Yazoo. Blanketi lile alishalimaliza kabla; jezi ya Omaha ndiyo ya mwisho. Hata vifungo vya sare za shule za watoto aliwapelekea majirani.

Walirudi Tallow Bend mwaka 1975. Kuanzia 1976 hadi 2006 Babu aliendesha basi la shule namba 12, na alilipenda kuliko uwanja wowote. Alijua jina la kila mtoto na la mbwa wa kila mtoto. Aliyechelewa alisubiriwa, lakini aliimbiwa wimbo wa kuchelewa njia nzima, na kwa sauti ile ya Babu hakuna aliyechelewa mara mbili. Jioni aliwafundisha watoto mpira nyuma ya kanisa. Aliwafundisha kukimbia, kukwepa, kuangukia bega. Kugongana vichwa hakuwaruhusu hata kwa mzaha. Mzazi mmoja alipolalamika kwamba anawalea vijana laini, Babu alimwambia, "Mwanao ana kichwa kimoja, na namwona anakihitaji kuliko wewe ulivyokihitaji chako."

Mwaka 2014 alianza kutia chumvi kwenye kahawa. Tulimtania. Mwaka uliofuata alipotea kati ya hapa na nyumbani, njia ambayo basi namba 12 lingejiendesha lenyewe. Mwaka 2016 mtu fulani akaweka mtandaoni ile video ya benchi, na ndani ya wiki moja dunia nzima ikawa inamcheka Babu, kila mtu na maneno yake chini ya picha. "Mimi nimeingia darasa si langu naona aibu kutoka." "Mimi kwenye kikao nimewasha kamera tu." Sisi wajukuu ndio tulioisambaza kwa fujo, tena kwa fahari. Kwenye grupu ya familia, yeyote aliyekosea chochote alitumiwa picha ya Babu anakunywa maji ya Omaha. Siku ya kuzaliwa kwake binamu yangu Tavion akamwonyesha kwenye simu. Babu alitazama mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Huyo jamaa ni nani?"

Tukacheka zaidi. Tulidhani anatania. Alikuwa anatusubiri tumjibu.

Baada ya hapo hakuna aliyeituma tena.

Machi 2017 walimpeleka Jackson kwa madaktari wa ubongo. Daktari alikuwa mpole, alikaa kwenye kiti kidogo ili asiwatazame kutoka juu. Alisema ameshakiona kitu hiki mara nyingi kwa watu waliocheza kama Babu: huu ni ugonjwa wa kusahau unaotokana na kichwa kugongwa, na hauna kurudi. Bibi aliuliza swali moja. Aliuliza kama pigo moja kubwa linaweza kuwa ndilo lililoleta haya.

"Hapana, mama," daktari akamwambia. "Si moja. Ni maelfu. Mazoezini, mechini, tangu yuko shule. Hakuna mtu anayeweza kulinyooshea kidole pigo moja."

"Hayo maelfu mengine," Bibi akasema, "sikuyashona mimi."

Shangazi Corliss, aliyekuwa amekaa naye, hakujua pa kutazama. Njiani kurudi alimwambia, "Mama, umesikia alichosema. Maelfu." Bibi akamjibu, "Nimesikia. Endesha."

Kuanzia hapo alimhudumia Babu kama mtu anayelipa kitu. Hakukubali msaidizi. Alimwogesha, alimlisha uji wa mahindi kwa kijiko, alimfuata alipotoka. Babu alikuwa na tabia moja: alitembea mpaka nyumba isiyo yake, mara nyingi kwa Dada Verlean hapo jirani, akaingia, akaketi sebuleni, akangoja. Dada Verlean alimpa maji, kisha akapiga simu. "Olavee, mtu wako yuko kwenye benchi langu." Dada Verlean alikuwa anafanya utani ili mwenzake asilie. Siku nyingine ulisaidia.

Oktoba 2019 klabu ya Millers ilisherehekea miaka yake, wachezaji wakavaa jezi kama zile za 1972, na mashabiki wakauziwa mfano wake. Zilipendeza, tuseme kweli. Rangi zile zile, kola ile ile. Moja ilitumwa kwetu kwenye boksi lenye utepe, 47 mgongoni na jina BROADNAX. Familia yote ilikuja kumwona akiivaa. Tulishaandaa simu za kupiga picha.

Babu aliivaa vizuri. Akajitazama. Kisha akashika bega la jezi kwa mkono wa kulia, akavuta. Akavuta tena. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Mshono wa mashine, nyuzi nne, haukusogea. Uso wake ukabadilika, akaanza kuhema kama mtu aliyefungiwa.

"Hii si yangu," akasema. "Hii haichaniki. Nani kashona hii? Watanishika. Nivueni, watanishika."

Baba na Baba Mdogo Lamont walimvua wakiwa wamemshikilia wawili. Tulipogeuka, Bibi hakuwemo chumbani. Alikuwa jikoni, bomba limefunguliwa, hakuna alichokuwa anaosha.

Kwa miaka mitano iliyofuata Babu alipungua polepole. Majina yakaenda, yetu kwanza, kisha ya watoto wake. Jina la Olavee lilikaa kuliko yote, ila uso ulijitenga nalo. Julai iliyopita, wako barazani, alimgeukia Bibi kwa adabu ya mtu anayezungumza na mgeni.

"Wewe mama unashona?"

"Nilikuwa nashona."

"Mke wangu anashona. Jezi zangu zote yeye. Hakuna mtu amewahi kunishika, ni kwa sababu yake."

Dada Verlean alikuwepo, akawasikia. "Na ile moja?" Bibi akauliza.

"Ipi?"

"Ya Omaha."

Babu alifikiri kwa bidii, kama mtu mwema anayetaka kukusaidia. "Hakuna ya Omaha," akasema. "Zote zilichanika."

Dada Verlean alimwambia Bibi baadaye kwamba hilo ni neno la Mungu, alichukue, alale. Bibi alikataa. "Amesahau, Verlean. Kusahau si kusamehe. Aliyeweza kunisamehe alishaondoka, nami nilikuwa bado namtania."

Babu alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa moja asubuhi, nyumbani, kwenye kitanda chake, baada ya nimonia ya siku chache. Alikuwa na miaka themanini. Bibi alikuwa amemshika mkono. Alisema Babu aliuvuta mkono mara moja, kidogo, na yeye akauachia.

Kesho yake klabu ilituma jezi nyingine mpya, 47, kwa ajili ya jeneza. Baba Mdogo Lamont alitaka azikwe nayo. Watu wanakuja kutoka mbali, akasema, watataka kumwona Broadnax. Bibi alisema hapana, na wakabishana jikoni mbele yetu sote.

"Mama, ndiyo jezi yake."

"Ulikuwepo siku ile. Ulimshika bega la kushoto. Ulimsikia anavyolia."

"Sasa tumvalishe nini? Suti? Huyu mtu alivaa suti mara mbili, na mara moja alikuwa anaozwa."

"Hatazikwa na kitu kisichochanika," Bibi akasema. "Nikimlaza na hiyo, nimemfunga mara ya pili."

Bibi aliichukua ile jezi, akaipeleka mezani, akaitisha wembe. Alifumua mshono wa kiwanda mmoja mmoja, mabega, ubavu, mgongo, mpaka ikawa vipande bapa kama mkate uliokatwa. Ilimchukua siku mbili, maana vidole vyake vimekakamaa siku hizi. Kisha akamwomba Shangazi Corliss amtungie uzi kwenye sindano. Corliss akauliza upi, akamwonyesha wa blanketi, mzuri, mnene. Bibi akatikisa kichwa.

"Mwembamba. Mmoja. Usifunge fundo."

Akapiga bandi. Hatua ndefu, za ovyo, mshono ambao mama yake wa Yazoo angeulilia. Dada Verlean alileta sukumawiki na shingo za bata mzinga, akasimama mlangoni na sufuria, akauliza, "Olavee, unashona hivyo mwanamke wewe ukiwa na akili zako?"

"Nashona kama Mzee Gorny alivyonifundisha."

"Inaonekana umemshonea mtu unayemchukia."

"Ndiyo," Bibi akasema. "Ndivyo inavyotakiwa ionekane."

Alipomaliza alimwita Baba Mdogo, akamwambia avute mkono wa jezi. Baba Mdogo ni mtu wa kilo mia na ishirini. Aliugusa kama mtu anayegusa chungu cha moto. "Vuta kama Omaha," Bibi akamwambia. Akavuta. Mkono wote ukamtokea kiganjani bila sauti, naye akasimama pale jikoni na kile kitambaa, akalia kama alivyokuwa akilia chini ya blanketi lile la bluu. Bibi alimnyang'anya taratibu, akaangalia uzi ulivyokatika, akaridhika. Akaketi akaushikiza tena.

Ndiyo aliyoivaa leo. Mliopita kumuaga mmeona mishono imekaa upande, na mmoja wenu amenong'ona kwamba waandaaji wa maiti wamefanya kazi mbaya. Si wao. Tunawaomba mkimuaga mara ya mwisho msimguse bega.

Babu Ezell Broadnax alitanguliwa na wazazi wake Cleophus na Idella, na dada zake Zenobia, Lutie na Earnestine. Ameacha mke wake wa miaka hamsini na sita, Olavee, watoto wake Ezell Mdogo, Corliss na Lamont, wakwe zake Patrice na Darnell, wajukuu saba, wakiwemo Tavion, Keziah na Jarrell anayesoma haya, vitukuu wawili, jirani yake Verlean, ambaye kiti chake cha sebuleni sasa kitakuwa kitupu, na kila mtoto wa Tallow Bend aliyewahi kuimbiwa kwenye basi namba 12.

Lala, Babu. Pumzika kwa amani. Na huko njiani yeyote akinyoosha mkono akushike, abaki na kitambaa tu.